Alijichoma sindano, akanyamaza siku nne: tuwafundishe nini wauguzi?

SWALI

Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wanawake katika hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Binti mmoja wa zamu ya usiku alijichoma na sindano ya kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, aliyotoka kumwekea mgonjwa. Hakumwambia mtu. Jana, siku ya nne, mwenzake alimkuta analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ndipo tukajua. Sasa uongozi umeniagiza niandae mafunzo ya kuwaongezea wauguzi uelewa wa usalama na afya kazini. Mimi najiuliza: uelewa upi? Huyu binti kasoma chuoni, mabango yamejaa ukutani, na kwenye mtihani wa kuzuia maambukizi mwaka jana yeye ndiye aliyeongoza wodi nzima. Nifundishe nini ambacho hawakijui?

JIBU

Sista, kabla ya mafunzo tuanze na huyo binti. Mafunzo yanaweza kungoja wiki ijayo, yeye hawezi.

Dawa za PEP, zile za kuzuia VVU baada ya ajali, zinatakiwa zianze mapema kadiri inavyowezekana, ikiwezekana saa ileile, na mwisho wake ni saa 72. Zikianza humezwa kila siku kwa siku 28. Yeye ameshapita siku ya nne, kwa hiyo kwa kawaida CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, hawatamwanzishia. Wengi wakifika hapo hukunja mikono wakaona basi tena. Hapana. Leo hii apimwe VVU, homa ya ini B na homa ya ini C, ili ijulikane hali yake ilikuwaje wakati ajali inatokea. Vipimo vya VVU virudiwe wiki ya sita na mwezi wa tatu. Mgonjwa aliyewekewa kanula kama bado yupo wodini aelezwe kwa heshima, aombwe ridhaa, apimwe. Kwa kipindi hiki binti atumie kondomu na asichangie damu, na kama ananyonyesha au ana mimba amwambie daktari wa CTC wazi. Halafu muulize chanjo ya homa ya ini B. Kama hakuwahi kuchanjwa, apate dozi ya kwanza leo. Kama mgonjwa atakutwa na kirusi B na binti hana kinga, kuna sindano ya kingamwili ambayo bado huweza kutolewa hadi siku ya saba. Hesabu siku zilizobaki.

Na mpe namba, maana sasa hivi anaishi na hofu isiyo na ukubwa. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza kwa wastani watu 3 katika kila 1,000 wanaojichoma. Kama mgonjwa huyo anatumia ARV vizuri na virusi vyake vimefubaa, hatari hushuka zaidi ya hapo. Mwambie hayo ukiwa umekaa naye mahali penye faragha, si umesimama mlangoni na faili mkononi. Mpeleke mwenyewe CTC, usimpe karatasi aende peke yake.

Ombi jingine: usimfanye mfano kwenye mafunzo, hata bila kumtaja jina. Wodi nzima itajua ni nani.

Sasa swali lako. Umeuliza vizuri kuliko waliokuagiza. Binti alijua kwamba sindano ina hatari, tena alijua kuliko wenzake. Ambacho hakukijua ni nini kitampata akifungua mdomo. Nitakueleza kwa nini nina uhakika na hili.

Nilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, leba, usiku, umeme umekatika. Mhudumu ameshika tochi, mimi nashona msamba wa mama aliyechanika. Tochi ikayumba kidogo, sindano ikapita kwenye nyama na kuingia kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto. Niliona tone la damu likitanda ndani ya glovu kama wino kwenye karatasi. Nilibadilisha glovu, nikamaliza kushona, nikanawa, nikaandika ripoti ya zamu. Kwenye ripoti ile niliandika uzito wa mtoto, damu aliyopoteza mama, idadi ya nyuzi. Kidole changu sikukiandika. Wakati ule nilikuwa naweza kukutajia njia zote za maambukizi bila kusita. Niliyekuwa namwogopa ni metroni, mkuu wa wauguzi.

Asubuhi nilijikaza nikamwambia. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ulikuwa unawaza nini?" Dawa nilipata, nikazimeza siku 28 na kichefuchefu chake, vipimo vikaja salama, namshukuru Mungu. Lakini kuanzia siku ile mpaka nahama hospitali ile sikuripoti tena ajali yoyote, na zilinipata nyingine mbili. Baadaye nilipoingia kwenye kazi ya kuzuia maambukizi na kufundisha wauguzi, nilianza kuwauliza faraghani: "Umewahi kujichoma ukanyamaza?" Sijawahi kuuliza swali hilo kwenye kundi la wauguzi nikakosa wa kuniitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo uelewa unaopimwa kwenye mtihani, wa kuitaja hatari, wauguzi wako wanao. Unaowapungukia ni ule wa saa tisa usiku: mikono yangu ifanye nini sasa hivi, ufunguo wa dawa uko kwa nani, na je, nikisema nitahudumiwa au nitageuzwa mshitakiwa. Huo haupatikani ukumbini. Unapatikana wodini, na sehemu kubwa yake unaijenga wewe kiongozi kwa neno la kwanza linalotoka kinywani mwako mtu anapokuja amekishika kidole chake. Jizoeze sentensi moja mpaka itoke yenyewe: "Pole. Umeshanawa? Twende." Maswali ya ilikuwaje yatakuja baadaye, akishameza kidonge cha kwanza.

Wala binti asijione mzembe peke yake. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, milioni 3 hupata ajali ya namna hii kila mwaka. Ajali inayowapata watu milioni 3 haielezwi kwa uzembe. Kuna kitu kwenye namna kazi yenyewe ilivyopangwa, na hapo ndipo ningependa uanze.

Chukua zoezi hili. Kesho kabla ya mzunguko wa madaktari, simama kitanda cha mwisho kabisa cha wodi yako, shika bomba la sindano jipya, tupu, ujifanye umemaliza kumchoma mgonjwa. Sasa tembea mpaka kwenye sefti boksi, kasha la kutupia sindano zilizotumika, ukihesabu hatua. Nilifanya hivi katika wodi moja nikapata hatua ishirini na saba, na sefti boksi lenyewe lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya mlango, juu ya usawa wa macho yangu. Ukutani palikuwa na bango zuri: usirudishe kifuniko kwenye sindano. Nikamuuliza muuguzi aliyekuwa zamu kwa nini anarudisha kifuniko. Akanijibu kwa upole kabisa, "Sista, nipite na sindano wazi katikati ya ndugu wa wagonjwa na watoto hatua zote hizo?" Alikuwa na haki. Bango lilimwambia hivi, mpangilio wa wodi ukamlazimisha vile, na mpangilio ndio ulioshinda. Tulichofanya ni kuweka sefti boksi kwenye troli ya dawa, likae mkono wa kulia wa anayechoma. Hatukufundisha chochote siku ile, na vifuniko vilivyorudishwa vilipungua.

Wengi wetu tumepitia ile S5, utaratibu wa kupanga mahali pa kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, iliyoanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007 ikaenea nchi nzima. Tumeitumia zaidi kubandika lebo kwenye makabati. Itumie kwa hili: kila kifaa chenye ncha kali kiwe na mahali pa kufia palipo karibu na mahali kinapotumika.

Mengine ya sindano unayajua, ila yakumbushe kwa vitendo. Sefti boksi lifungwe likifika robo tatu. Linalofurika ndilo linalomchoma anayesukumiza ya mwisho. Pale ambapo kifuniko hakina budi kurudishwa, kiwekwe mezani kichotwe kwa mkono mmoja. Anayetoa kanula awe na pamba, plasta na sefti boksi karibu kabla hajaigusa. Mgonjwa mwenye degedege au aliyechanganyikiwa asichomwe na mtu mmoja. Na ajali ikitokea ni sabuni na maji yanayotiririka, basi. Kukamua kidole ili damu itoke hakusaidii, na kupaka spiriti au Jik kunaumiza ngozi bila faida. Damu ikirukia jichoni, maji safi mengi.

Katika kuwaita watu usimsahau anayefanya usafi. Nimeona sindano ikitokeza kwenye mfuko mweusi, ule wa taka za kawaida, ikamchoma paja mama aliyekuwa anaubeba kuelekea kwenye tanuri. Hakuwa na chanjo, na hakuwa na glovu nzito. Alikuwa wa kampuni ya usafi, kwa hiyo kila ofisi aliyokwenda walimwambia si mtumishi wetu. Muuguzi aliyetupa ile sindano hakupata hata kujua. Ukiwaweka wauguzi na watu wa usafi kwenye somo moja, halafu ukamwachia mama kama yule asimulie, huhitaji kueleza sana kwa nini taka hutenganishwa kwa rangi.

Sasa zoezi la pili, ambalo ningekuwa na nafasi ya kulifanya moja tu ningechagua hili. Bila kutangaza, nenda wodini saa tisa usiku. Mwite muuguzi wa zamu umwambie: "Umejichoma sasa hivi. Fanya." Usiseme neno jingine, mfuate tu nyuma. Utaona mambo ambayo hakuna mtihani utakaokuonyesha. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, muuguzi alinawa vizuri kabisa, kisha akasimama katikati ya korido hajui aende wapi. Tukaenda famasia, imefungwa. Mlinzi akasema ufunguo amekwenda nao mfamasia nyumbani. CTC hufunguliwa saa mbili asubuhi. Fomu ya kuripoti ajali ilikuwa kwenye droo ya ofisi ya katibu wa hospitali, nayo imefungwa. Hospitali ile ilikuwa na mwongozo mzuri uliochapwa rangi, na dawa zilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuzifikia kuanzia saa kumi jioni mpaka asubuhi, yaani muda ambao watu wamechoka na taa ni hafifu. Dawa ya siku tatu za mwanzo ikawekwa kwenye kabati la dharura, ufunguo ukawa unakabidhiwa kila zamu pamoja na wa dawa kali, fomu zikawekwa palepale. Haikugharimu fedha yoyote ya kuombea bajeti.

VVU huchukua hofu yetu yote, na homa ya ini B hupita pembeni. Mtu asiyechanjwa akijichoma na damu yenye kirusi B, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 katika kila 100, kutegemea hali ya mgonjwa. Linganisha na ile 3 katika 1,000. Kirusi hiki huweza kuishi kwenye damu iliyokauka juu ya meza au trei kwa siku saba. Na chanjo yake ipo, dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Wauguzi wetu waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 hawakuipata utotoni. Wengi wameanza chuoni wakapata mbili, ya tatu ikaangukia likizo au kipindi cha kungoja ajira. Kwa hiyo usiwaulize kama wamechanjwa, kila mtu atasema ndiyo. Waambie walete kadi. Andika majina na dozi kwenye daftari moja, ujue nani amebakiza ipi. Aliyesimama kwenye ya pili haanzi upya, anamalizia. Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu kipimo cha kingamwili kikiwezekana kifanyike, maana wapo wachache ambao mwili wao hauitikii chanjo na wanastahili kujua.

Hewa nayo. Wodi za Kanda ya Ziwa usiku zina baridi na mbu, na mgonjwa wa karibu na dirisha huomba lifungwe. Muuguzi mwenye huruma hulifunga. Ndani kuna mama anayekohoa wiki ya tatu, makohozi yake yako maabara. Kifua kikuu hakiripotiwi kama ajali kwa sababu hakina tone la damu. Muuguzi huanza kukonda baada ya miezi au miaka na hakuna anayekumbuka usiku ule. Wafundishe tofauti ambayo nakuta inachanganywa karibu kila mahali: barakoa ya kawaida ya upasuaji huvalishwa mgonjwa anayekohoa, ili kikohozi chake kisisambae. Anayemhudumia huvaa N95, inayobana uso pande zote. Kinyume chake ndicho tunachokiona, mgonjwa yuko wazi na nesi kavaa barakoa ya kawaida akiamini amejikinga. Madirisha ya pande mbili zinazotazamana yafunguliwe ili upepo upite, wanaokohoa walazwe upande ambako upepo unatokea nje, na vyandarua viwepo ili dirisha lisigombane na mbu. Na muuguzi mwenye VVU au mjamzito asipangwe chumba cha kifua kikuu kwa kuwa tu ni zamu yake. Hilo linahitaji kiongozi ambaye watu wanaweza kumwambia siri.

Macho tunayasahau mno. Ninapofundisha huwa nawaeleza habari za Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda, aliyeongoza mapambano ya Ebola mwaka 2000. Usiku mmoja aliitwa kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa mgonjwa, anatoka damu, amechanganyikiwa na ameinuka kitandani. Alivaa gauni, glovu, kofia na barakoa. Kinga ya macho hakuvaa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Daktari yule alijua kila kitu cha kujua kuhusu Ebola, na yeye ndiye aliyewasimamia wengine wavae. Nikimsimulia huwa sitaki wauguzi wamwone amekosea. Nataka waone kwamba miwani ya kinga isipokuwa imening'inia pale mkono unapopita, hata mjuzi ataipita akiwa na haraka ya kumwokoa mtu.

Nanyi huko Kanda ya Ziwa hili haliko mbali. Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, ilipotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023, kati ya watu 9 walioorodheshwa kuugua walikufa 6, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwao. Mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa kama huo haji na jina la ugonjwa kifuani. Anakuja na homa na kutapika kama wagonjwa kumi wengine wa siku hiyo, na glovu ulizovaa au kutovaa kwa mgonjwa yule wa "malaria" ndizo zinazoamua. Ndiyo maana tunasema kinga za msingi ni kwa kila mgonjwa, kila mara, bila kuchagua uso.

Kuhusu Jik nitasema kwa kifupi. Dawa ya asilimia 3.5 ukitaka ya kusafishia ya asilimia 0.5 ni kikombe kimoja cha Jik na vikombe sita vya maji, ichanganywe kila siku, dirisha likiwa wazi. Wanaopima kwa macho tu huikoleza mpaka wenye pumu wanabanwa kifua, na nimeona wanaoichanganya na dawa ya choo yenye tindikali wakidhani itaua zaidi. Mchanganyiko ule hutoa gesi ya sumu. Soma lebo kwanza, maana nguvu ya dawa iliyonunuliwa inaweza kuwa tofauti na mahesabu yake hubadilika.

Mgongo ndio ugonjwa wa wauguzi ambao hatuuiti ugonjwa. Mama wa kilo tisini baada ya upasuaji, wauguzi wawili, hakuna kifaa cha kunyanyulia, na mmoja anamshika kwapani anamvuta juu. Ukimuuliza miaka kumi baadaye atakwambia ni umri. Hapa mafunzo husaidia kweli, kwa sababu ni ufundi: shuka lililokunjwa mara mbili chini ya mgonjwa, watu wawili kila upande kama wapo, kitanda kipandishwe kama kinapanda, magoti yakunjwe, mgonjwa aambiwe asukume kwa miguu yake kama anaweza, na mtu mmoja ahesabu moja, mbili, tatu. Leteni shuka na mmoja wenu alale kitandani avutwe kwa kwapa kisha kwa shuka. Atakayevuta ataisikia tofauti mgongoni mwake mwenyewe.

Uchovu na matusi siwezi kuvipita bila kuvitaja, ijapokuwa hivyo vinahitaji barua yake. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hupigwa au kushambuliwa wakati fulani katika maisha yao ya kazi. Binti anayelinda wodi peke yake, ndugu wa marehemu wakimfuata na hasira, yuko hatarini sawa na aliyeshika sindano. Liweke kwenye fomu ileile ya ajali. Na zamu ya mtu mmoja kwa wagonjwa arobaini usiichukulie kama bahati mbaya tu. Iandike kama chanzo cha ajali kila inapokuwa chanzo, ili ionekane kwenye karatasi kwa wanaopanga ajira.

Haki. Hapa ndipo uelewa ni mdogo kwelikweli, na hapa fundisha kwa maneno. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri kuweka mazingira salama na kumpa mfanyakazi vifaa kinga. Glovu si fadhila ya stoo. Halafu kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliyoleta Mfuko wa WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Unahudumia watumishi wa umma na wa sekta binafsi Tanzania Bara. Anayechangia ni mwajiri; kwenye mshahara wa muuguzi hakikatwi kitu. Unagharamia matibabu ya aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, hulipa ulemavu, na mtumishi akifariki huwalipa wategemezi wake. Wauguzi wengi niliowauliza wanaijua WCF kama jina kwenye makabrasha ya utumishi tu.

Na hapa ndipo kunyamaza kunapogharimu mara ya pili. Dai linatakiwa liwasilishwe ndani ya miezi 12, na litaulizwa maswali: ajali ilitokea lini, nani aliiona, vipimo vya siku ile vilisemaje? Muuguzi ambaye hakupimwa siku ya ajali, akikutwa na homa ya ini mwaka unaofuata, atathibitishaje kwamba aliipata kazini? Ndiyo sababu nilikwambia binti apimwe leo hii na fomu ijazwe leo hii, pamoja na kwamba dawa zimempita. Waambie wauguzi jambo hili bila kuwatisha. Nimeona watu waliokaa kimya kwa aibu wakibadilika baada ya kuelewa kwamba karatasi ile inalinda watoto wao.

Kwa ratiba, usiwakusanye ukumbini siku nzima na projekta. Tumia dakika kumi na tano za makabidhiano ya asubuhi, mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne au tano, kitandani na kwenye troli. Jambo moja kwa siku. Wa zamu ya usiku wapate lao kabla ya kuingia, si baada ya kutoka, kwa sababu anayetoka hasikii chochote, anawaza usingizi.

Kisha nenda kwa mganga mfawidhi mapema umwambie hivi: baada ya mafunzo haya, ajali zinazoripotiwa zitaongezeka. Mwambie kabla, na umwandikie. Kama mwaka mzima daftari lenu lina ajali moja au halina kabisa, hiyo si dalili ya wodi salama, ni dalili ya watu wanaonawa na kunyamaza. Zikianza kuandikwa tano, sita, mtu asiye na maelezo atasema mafunzo yameharibu mambo, atatafuta wa kumwadhibu, na mtarudi mlikotoka. Baada ya miezi kadhaa ndipo uangalie ni ajali gani zinajirudia, mahali gani, saa ngapi, na urekebishe hapo.

Anza na lile zoezi la saa tisa usiku, hata kabla hujapanga somo la kwanza. Ukishalifanya niandikie, na jambo la kwanza unieleze ufunguo wa kabati mliukuta kwa nani.